Ngeli ya Neno na Aina ya Kiumbe

Katika kuutetea utamaduni wa Mwafrika, wataalamu kadhaa wameitumia sarufi kuwa ushahidi wa falsafa. Mashuhuri miongoni mwao ni Padre Alexis Kagame wa Rwanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 alizichambua ngeli za Kinyarwanda, akayagawa yote yaliyopo mafungu manne: umuntu, kilicho na akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Kazi hiyo yastahili heshima, kwani iliwajibu waliodai kwamba Mwafrika hana fikra. Hata hivyo, hapana budi hoja yake ipimwe.

Mwaka 1949 Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Uingereza, alieleza kosa la kukiweka kitu katika fungu lisilo lake. Mathalani, mgeni aonyeshwa wanachama, shamba, ghala na daftari la hesabu, kisha auliza: “Na ushirika wenyewe uko wapi?” Ameudhania ushirika kuwa kitu cha tano kando ya vile vinne. Neno limempoteza.

Kosa la namna hiyo humvizia kila aichukuaye ngeli ya neno kuwa aina ya kiumbe. Katika Kiswahili, ukuta na uhuru hupatanishwa sawasawa: ukuta umejengwa, uhuru umepatikana. Lakini ni nani aliyepata kuupaka uhuru chokaa? Tena, Mswahili husema “ng’ombe amelala” kama asemavyo “mtu amelala”, ilhali katika Kinyarwanda ng’ombe hufuata upatanisho wa ngeli yake, si ule wa mtu. Je, tuseme kwamba Mswahili humhesabu ng’ombe kuwa na akili, na jirani yake humkatalia? La hasha. Wote wawili wamjua ng’ombe vilevile. Viambishi ndivyo vinavyotofautiana.

Hatari ya kosa hili haikomei katika sarufi. Ikiwa falsafa yetu imo tayari katika viambishi, basi kila mtoto huipata pamoja na maziwa ya mama, na hakuna mzee aliyepata kufikiri, kubisha wala kukosolewa. Hivyo twamnyima Mwafrika zile zile fikra tulizokusudia kuzitetea. Lugha hutupa zana. Kulima ni juu yetu. Falsafa yetu na itafutwe katika hoja ambazo watu wetu wamezitoa na kuzipinga, barazani na vitabuni, akiwemo Kagame mwenyewe.