Kuwajibika kwa Nani?

Kuna maandishi ambayo hakuna anayeyahakiki, kwa sababu hatuyahesabu kuwa maandishi: miongozo ya mtalii mwema. Vaa nguo za heshima. Usipige watu picha bila kuwauliza. Usikanyage matumbawe. Nunua kinyago kwa aliyekichonga. Mwaka huu, nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili, nimesoma mingi inayohusu Zanzibar, na nataka kuisoma kama ninavyosoma hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na nani hasikiki.

Anayeambiwa ni mgeni. Kila kitenzi kinamwelekea yeye. Mwenyeji yumo, lakini yumo kama matumbawe: kitu cha kutokanyagwa.

Tatizo linaanzia kwenye jina. "Utalii wa kuwajibika," tunasema, kisha tunanyamaza. Lakini kwa Kiswahili mtu huwajibika kwa fulani, na kwa jambo fulani. Katika siasa zetu neno hili lina hata gharama. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa mikononi mwa dola, na mpaka leo tukisema waziri awajibike tunamaanisha aondoke. Miongozo imelichukua neno na kuliondolea gharama. Mtalii anawajibika kwa dhamiri yake, na dhamiri ikitulia, mambo yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti kuhusu maji katika vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya moja ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Yaani chumba kimoja kilikunywa maji ya kaya 34. Mgeni anayefunga bomba akipiga mswaki, kama alivyoombwa, anafanya vyema. Lakini bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi havimsubiri yeye. Viliamuliwa kabla hajanunua tiketi, kwenye kibali cha ujenzi na mkataba wa ardhi.

Mama mmoja mkulima wa mwani, pwani ya mashariki, alinisikiliza nikimsomea mwongozo mmoja mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "karatasi yasema wasitupige picha bila ya kutuuliza. Ahsante. Na kisima, kaulizwa nani?"

Sijasoma uhakiki mfupi kuliko huo. Uliokaribia ni kitabu cha Jamaica Kincaid, *A Small Place*, cha mwaka 1988, kuhusu Antigua. Naye anamwita mtalii "wewe", kama miongozo, ila hamwambii afanye nini. Anamwonyesha asichokiona akiwa ndani ya teksi: maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1974 na ambayo wakati huo ilikuwa bado haijajengwa upya, na maji machafu yanayoishia kwenye bahari ileile anayotaka kuogelea. Wapo waliokiona kitabu hiki kuwa hasira tupu. Mimi naona jambo muhimu zaidi ni kwamba hasira hiyo haiishii kwa mtalii. Inageukia mawaziri na wafanyabiashara wa Antigua yenyewe. Miongozo haigeuki kamwe. Inamlaumu mwenye kamera na kumwacha mwenye muhuri.

Utasema: kidogo si haba. Nakubali. Tena pale maadili yanapojengwa ndani ya jengo lenyewe, tofauti huonekana. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Mji Mkongwe, kina nyumba saba tu za wageni. Maji ni ya mvua inayokingwa kwenye mapaa, vyoo ni vya mboji, na baadhi ya walinzi wa matumbawe walikuwa wavuvi. Mgeni pale hahitaji kuwa mtu mwema sana ili asiharibu. Bei yake, hata hivyo, si ya mwanafunzi.

Azimio la Cape Town la mwaka 2002 lilikwisha kupanga mambo vizuri: kwanza mahali pawe pazuri zaidi kwa wanaoishi hapo, ndipo pawe pazuri kwa wanaotembelea. Miongozo iliyoandikwa kwa jina la wazo hilo imeanzia upande wa pili.

Nasi pia ni wageni. Tunavuka kwa boti kila Februari kwenda Sauti za Busara, na tunapenda kuamini kwamba kujua Kiswahili kumetutoa kwenye kundi la watalii. Basi kabla ya kulipia chumba, mwandikie mwenye hoteli. Maji yenu yanatoka wapi, na kijiji kinapata wapi yake? Masika mkifunga, wafanyakazi wanalipwa? Kabla ya ukuta huu, nani alikuwa akipita hapa kwenda baharini?

Ukijibiwa kwa picha ya machweo, umeshajibiwa.