Chupa Mbili, Michezo Mitatu

Mwaka 1997 Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza aliyekuwa na dhahabu nne za Olimpiki, aliambiwa ana kisukari. Akaanza kwa kufuata ule ushauri ambao kila mwenye sukari anaujua: acha vitamu, punguza wanga. Nguvu zikamwishia botini. Ndipo yeye na daktari wake wakaipindua hesabu. Akarudia chakula chake cha zamani, kiasi cha kalori 6,000 kwa siku, na insulini ndiyo ikalazimika kukifuata chakula, kwa sindano ndogondogo za mara nyingi. Sydney, mwaka 2000, akavishwa dhahabu ya tano.

Kupindua huko ndiko ninakotaka tukuchambue. Jay Hewitt, wakili wa Marekani aliyegundulika kuwa na kisukari mwaka 1991, aliifuata njia hiyo hadi akavaa jezi ya taifa lake katika triathloni ya masafa marefu, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia. Timu ya baiskeli ya Team Type 1, iliyoanzishwa na Phil Southerland ambaye ana kisukari tangu uchanga, ilipeleka waendeshaji wanane, wote wenye kisukari cha aina ya kwanza, wakashinda kundi la timu katika Race Across America mwaka 2007. Miaka minne baadaye timu hiyo ilikuwa hapa jirani kwetu: Kiel Reijnen, ambaye yeye hana kisukari, akaivalia jezi yake na kushinda Tour of Rwanda ya 2011.

Kwa hiyo kuuliza kama inawezekana ni kupoteza muda. Swali la fundi ni hili: mbinu hizo ukizileta Mwanza, kwenye ziwa letu, barabara zetu na dawa zetu, nini kinasimama na nini kinaanguka?

Kinachoanguka mapema ni chupa ya insulini.

Mtu asiye na kisukari akianza kukimbia, kongosho lake hupunguza insulini ndani ya dakika chache na ini humwaga sukari kwenye damu. Mwenye aina ya kwanza hana breki hiyo. Insulini aliyochoma saa mbili zilizopita itaendelea na kazi yake, akimbie asikimbie. Papo hapo misuli inayofanya kazi huvuta glukosi yenyewe bila kusubiri insulini. Sukari inavutwa kutoka pande mbili, na inashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Dawa yake ni kupunguza dozi kabla ya kuanza. Mwongozo ambao Michael Riddell na wenzake waliuchapisha katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology mwaka 2017 unasema dozi ya mlo unaotangulia mazoezi marefu ipunguzwe kati ya asilimia 25 na 75, kutegemea ukali na muda.

Sasa fanya hivyo na insulini ya mchanganyiko, ile ya 30 kwa 70 ambayo wengi wetu tunaichoma asubuhi na jioni. Uniti 20 za asubuhi ni uniti 6 za haraka na 14 za polepole. Unataka kukata ile ya haraka nusu kwa sababu unatoka na baiskeli, basi unachoma uniti 10. Umepata 3 za haraka, sawa, lakini za polepole nazo zimebaki 7. Unarudi nyumbani mchana ukiwa shujaa, na kufikia jioni sukari iko 18 (milimoli kwa lita). Kesho yake unaogopa kupunguza, unachoma zote 20, na unaanguka mbele ya duka la mtu. Hapo kosa si la mwanamichezo. Chupa moja haiwezi kutii amri mbili.

Kwa hiyo Redgrave wa Mwanza anahitaji chupa mbili, moja angavu kama maji kwa ajili ya chakula, nyingine yenye ukungu mweupe kwa ajili ya saa zote nyingine. Na hata hizo zina tabia zake. Hiyo tunayoiita ya haraka, kama ni ile ya kawaida ya binadamu, hufikia kilele kati ya saa mbili na nne baada ya sindano, ambazo kwa mwendesha baiskeli ni katikati kabisa ya safari. Ile ya polepole ikichomwa saa tatu usiku hupanda kilele chake usiku wa manane. Usiku huohuo misuli iliyotoka kwenye kilomita 100 bado inavuta sukari kujaza ghala lake. Mambo mawili yanakutana wewe umelala. Ndiyo maana baada ya siku ndefu dozi ya usiku hupunguzwa, aghalabu kwa asilimia 20 hivi, na mtu hali kitu kabla ya kulala kwa sababu ana njaa. Anakula kwa sababu ya saa tisa usiku.

Tukija kwenye michezo yenyewe, ziwa ndilo linalowatisha watu, na kweli linatisha. Lakini kwa mwenye sukari, Ziwa Victoria lina zawadi moja: saa nzuri ya ziwa ndiyo saa nzuri kwake pia. Alfajiri mara nyingi maji yametulia. Upepo wa ziwani huamka baadaye na kuleta mawimbi. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono wa ufukweni huzidi jua linapokuwa kali, hivyo asubuhi, mbali na majani ya kandokando, hatari inapungua ingawa haiishi, na prazikwanteli bado utaimeza kwa ratiba ya daktari. Na asubuhi kabla ya kula, insulini ya chakula mwilini ni ndogo, kwa hiyo hatari ya kushuka nayo ni ndogo. Sababu tatu, saa moja: kama saa moja kasoro robo, jua likichungulia nyuma ya mawe.

Ukiwa unaogelea huwezi kupima. Kihisi cha kubandika mkononi, kwa mwenye nacho, hakitumi mawimbi yake kupitia maji. Na dalili zenyewe zinafichwa: jasho hulioni, kutetemeka unadhani ni baridi. Kwa hiyo kilomita 3.8 za kuogelea za triathloni kamili haziogelewi kwa mstari kwenda upande wa pili. Zinaogelewa kwa mizunguko ya mita 500 kuzunguka mtumbwi. Ndani ya mtumbwi kuna mvuvi anayejua eneo, ambaye kwanza atakuambia kama kuna mamba au kiboko, na mwenye soda miguuni pake. Pima kabla ya kuingia: kati ya 7 na 10 unakwenda, na kwa ziwa mimi ningetaka iwe 8 au zaidi. Chini ya 5, kula kwanza na usubiri. Ikizidi 15 na ketoni zipo, rudi nyumbani, maana hapo mwili umekosa insulini na mazoezi yataipandisha sukari zaidi. Kila baada ya mizunguko miwili, shika ukingo wa mtumbwi na upime. Mwelekeze mvuvi kwa maneno yake: nikianza kuongea kama mlevi, usicheke, nipe soda.

Baiskeli ina upole zaidi kwa sababu inakuruhusu kula. Barabara ya Musoma kupitia Igoma na Kisesa hadi Magu na kurudi ni kama kilomita 120, malori yakiwa ya kutosha. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Maduka ya ng'ambo huuza jeli za bei mbaya, nasi tuna matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani: Wasukuma walitengeneza chakula cha mfukoni kabla mtu yeyote hajafikiria triathloni. Pima vya kwako kwenye mizani mara moja, ujue konzi yako ina gramu ngapi. Ila matobolwa ni ya kulinda sukari isishuke, hayaokoi iliyokwisha kushuka. Ya kuokoa ni glukosi ya unga ya dukani, gramu 15 kwenye nailoni, au chini kidogo ya nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Subiri dakika 15, upime tena.

Hapo kwenye kupima nina kosa la kukiri. Nilisimama kando ya barabara, nikamenya embe, nikala, kisha nikatoboa kidole kilekile. Mashine ikasema 16. Nikataka kuchoma sindano. Bahati nzuri kulikuwa na maji kwenye chupa. Nikanawa, nikatoboa tena: 5.2. Tone la damu ni dogo kuliko punje ya mtama, na maji ya embe juu ya ngozi unatosha kulidanganya. Ningechoma kwa ile 16, ningeanguka kabla ya Kisesa. Tangu siku hiyo chupa moja kati ya mbili kwenye fremu ni ya kunawa.

Kuna hila nyingine ambayo vilima vya Mwanza vinaigawa bure. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kukanyaga kwa nguvu zote kwa sekunde 10 mwishoni mwa mazoezi ya wastani kulizuia sukari isiendelee kushuka kwa saa mbili zilizofuata. Homoni za mshtuko huliamsha ini. Haichukui nafasi ya chakula, lakini kilima cha mwisho kabla ya nyumbani usikipande kwa uvivu.

Joto nalo. Chupa ya insulini inayotumika huvumilia takriban mwezi mmoja mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, lakini mfuko wa jezi juani hauko hivyo. Nyumbani chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, hufanya kazi. Njiani kitambaa chenye maji. Barafu isiiguse, insulini iliyoganda imekufa.

Kuhusu mbio za kilomita 42.2 sina mengi ya kusema: kanuni ni zilezile, tumbo ndilo limechoka.

Kilichobaki ni stripu za kupimia sukari. Siku moja ndefu inakula kumi au kumi na mbili, kwa hiyo boksi la 50 linatosha siku nne au tano tu za namna hiyo. Panga siku ndefu moja kwa wiki, nyingine fupi, na kila namba iingie kwenye daftari pamoja na dozi, chakula na saa. Anayetaka kubana matumizi abane kwenye viatu.

Na wewe uliye kwenye mchanganyiko, ukishikwa na hamu hii, baiskeli isubiri. Andika vipimo vyako vya wiki mbili, nenda nalo daftari kliniki, iwe ya hospitali ya Bugando, iwe ya Sekou Toure, umwombe daktari akutenganishie chupa.