Sauti ya Debe

Nilipopanga vyumba viwili Manzese, nyuma ya Tip Top, nguzo ya zege ya baraza ilikuwa imepakwa chokaa safi kuliko nguzo zote za mtaa ule. Siku moja jirani yangu, mzee fundi mwashi, aliigonga kwa mpini wa mwiko, ikalia kama debe. "Mwalimu, humu hamna kitu," akasema. Tulipoichimba kidogo tukakuta shimo la kuingia ngumi, na nondo zimeliwa na kutu. Wanangu walikuwa wakilala hatua tatu kutoka pale.

Tangu hapo huzisoma kwa mashaka sifa zinazoandikwa kila daraja kubwa linapofunguliwa. La Kigamboni, lililopewa jina la Nyerere, lilifunguliwa mwaka 2016. Tukaambiwa lina mita 680, tukaonyeshwa picha zake za jioni. Nami nimelivuka, nikalifurahia, na sisemi lina dosari yoyote. Ninalolaumu ni uhakiki wetu: tunasifu jalada, kitabu hatujakifungua.

Maana katika madaraja mengi ya zege lililokazwa, nguvu imo mahali pasipoonekana. Nyaya za chuma hupitishwa katika mabomba ndani ya zege, zikavutwa kwa nguvu nyingi, kisha mabomba hujazwa uji wa saruji ili maji na hewa visizifikie. Uji usipojaa, au maji yake yakijitenga na kupanda juu, hubaki uwazi. Humo waya hula kutu kimya kimya, na huenda zege la nje lisionyeshe ufa wala doa.

Huko Wales, daraja la Ynys-y-Gwas lilianguka Desemba 1985 kwa sababu nyaya zake zilikuwa zimeliwa kwenye maungio. Halikutoa onyo la maana, na ni bahati tu kwamba hakuna aliyeumia. Mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha ujenzi mpya wa madaraja ya nyaya zilizofunikwa kwa uji huo, hadi mwaka 1996. Chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani ilichangia. Sisi hatuna barafu, lakini chumvi tunaletewa na bahari, bure.

Wataalamu wanazo njia za kupima bila kubomoa. Mojawapo ni ile ile ya mzee wangu, ila yenye masikio makali zaidi: zege hugongwa kwa kigololi cha chuma, chombo kikasikiliza mwangwi, na penye uwazi mlio hubadilika. Rada nayo hutumika, lakini bomba likiwa la chuma haioni kilichomo. Kwa hiyo penye shaka hutobolewa tundu dogo, mtu akachungulia. Jina la "kupima bila kuharibu" limetiwa chumvi kidogo, nami silichukii kwa hilo.

Basi ningependa siku moja, kando ya urefu na gharama, gazeti lituandikie mabomba mangapi yaligongwa, mangapi yalichunguliwa, na ndani mlikutwa nini.

Jioni ile mwenye nyumba alikuja, akatutaka tuzibe shimo na kupaka chokaa upya. Mzee alikataa kumpa mwiko.