Namna ya Kuutambua Ufungaji Mwema wa Kamba na Nyaya Chomboni

Mtu atakaye kununua chombo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Kionga na Palma hata Mocímboa da Praia, Matemo na Ibo, aghalabu huanza kwa kuutazama mwili wake: huzigonga mbao kwa vifundo vya vidole asikilize mlio, huupitisha ukucha penye kalafati, huinama akaufuata mkuku kwa jicho toka omo hata tezi, na akisha kuridhika na hayo hutoa fedha zake wakapeana mikono na mwenye mali, ilhali kamba hakuzitazama ila kwa kuzihesabu. Kwa rai yangu huko ni kununua nusu ya kitu. Ubao mbovu hujidhihirisha mapema kwa maji uyaingizayo, na baharia hupata wasaa wa kuyakumba na kurejea pwani. Bali kamba iliyofungwa vibaya hukaa kimya mwezi baada ya mwezi, ikikatika uzi mmoja mmoja mahali pasipoonekana, hata siku kusi ikivuma kwa nguvu na chombo kimejaa watu, ikaachia yote kwa mara moja. Watu wa Palma waliokimbilia Pemba kwa njia ya bahari mnamo Machi 2021, mji wao uliposhambuliwa, wakapakiana katika vyombo vilivyozoea kuchukua samaki na mizigo, hawakuwa na nafasi ya kuuliza ni nani aliyezifunga kamba zake. Swali hilo lilipasa kuulizwa zamani, siku chombo kiliponunuliwa.

Kipimo changu cha kwanza, ambacho vipimo vingine vyote hukitegemea, ni kutafuta mahali kamba inapogusa kitu, kabla ya kutafuta mahali ilipopigwa fundo. Wengi husifu fundo kwa kuwa ndilo lionekanalo, na fundo zuri hakika ni pambo; lakini kamba nzima huweza kuhimili mvuto mkubwa kuliko ule inaokutana nao kila siku, na kinachoiua ni kusuguana: na ubao wenye makali, na chuma chenye kutu, na kamba nyingine iliyopita juu yake, hata na nyuzi zake yenyewe kwa yenyewe endapo mchanga umeingia ndani. Fundi mahiri huzipima sehemu hizo kwa macho kabla hajakata urefu wa kamba. Elimu hii ni ya kale katika upande wetu. Wareno wa Vasco da Gama walipofika kisiwa cha Msumbiji mnamo Machi 1498, mwandishi mmoja wa msafara ule alieleza kwamba vyombo vya huko havina misumari, mbao zake zimeunganishwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka. Kwa mtu asiyeijua kazi huenda ikawa ajabu kamba ya makumbi ya nazi kushika mbao katika bahari ya mawimbi. Lakini washonaji wa mitepe, yaani vile vyombo vya kushonwa, walipokwisha kuikaza kamba ndani ya tundu walilikomea tundu lile kwa kijiti cha mti, kamba ikakosa pa kusogea, na isiposogea haisuguliki.

Ngalawa ndiyo shule bora ya jicho, kwa kuwa viungo vyake vikubwa hushikwa kwa kamba na kila kitu ki wazi. Mirengu, yaani ile miti miwili ikingamayo juu ya gogo na kutokeza huku na huku, hufungwa pale inapokalia kingo za chombo, na ncha zake hushikishwa matengo yaeleayo pembeni. Piga magoti karibu na kiungo kimoja, ukitazame pasipo haraka. Mizunguko ya kamba yapasa ikae sambamba, kila mmoja ubavuni mwa mwenziwe, pasiwe na uliopanda juu ya mwingine, maana uliopanda huchukua mzigo wa wote na ndio utakaokatika kwanza. Kisha angalia baina ya mti na mti: fundi anayeijua kazi, akisha kuizungusha kamba nje ya miti, huipitisha katikati yake na kuizungushia ile mizunguko ya awali, akaibana kiunoni kama mshipi, na mkazo wote wa kiungo hutoka katika mbano huo. Kiungo kilichokosa mbano huweza kupendeza siku ya kuuzwa, lakini hakifiki mwisho wa msimu. Sasa ushike mrengu karibu na ncha yake, uusukume juu na chini. Mti utapinda, na hilo si aibu, kwa kuwa ngalawa isiyopinda huvunjika. Linalotakiwa ni mti na kamba viende pamoja. Ukisikia mkwaruzo, au ukiona chini ya kamba mti umeng'aa kwa kusuguliwa, jua kiungo kile kimekwisha kuanza kujila. Kadhalika tazama kabari. Kabari moja iliyochongwa kwa kipimo chake ni sanaa. Tatu zilizosongamana katika kiungo kimoja ni dalili ya fundi aliyeona uvivu kufungua na kufunga upya.

Katika kufunga miti kwa miti naipendelea kamba ya usumba, na sioni haya kulisema hilo katika zama hizi za nailoni. Makumbi yaliyozikwa ufukweni penye maji chumvi kwa miezi, yakatwangwa na kusokotwa vizuri, hutoa kamba inayokwaruza kidogo mkononi, na kwa sababu hiyo hiyo haitelezi juu ya mti; nayo huistahimili chumvi kuliko katani, ambayo huoza upesi ikikaa majini. Ukitaka kuijua usumba njema, ifungue msokoto kidogo kwa vidole viwili utazame ndani: nyuzi ziwe ndefu, zenye rangi moja, na pasidondoke vumbi. Uulize pia kama kiungo kilifungwa kamba ikiwa kavu ama imelowa, kwani kamba ya asili ikinywa maji hunenepa na kufupika, ikikauka hurefuka. Basi iliyofungwa kavu hujikaza yenyewe baharini, na iliyofungwa imelowa hulegea juani. Nailoni ina nguvu nyingi, lakini huvutika, huteleza, na jua huichakaza ngozi yake mpaka ikatoa unga mweupe. Pahali pake ni kwenye amari, yaani kamba ya nanga, ambapo kuvutika kwake huwa faida, kwa maana huumeza mshtuko wa wimbi kabla haujaifikia nanga.

Na kwenye amari usitazame urefu wala unene tu. Tazama pale inapopita juu ya omo, kwa kuwa chombo kilichotia nanga hakitulii usiku kucha, na kamba husagwa mahali pale pale. Yapasa paviringishwe ngozi ama kitambaa kizito kilichoshonwa kikashika. Tangu tufani iliyopewa jina la Kenneth kuipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019 na kuziangusha nyumba nyingi za Ibo, sidhani kwamba viringisho hilo lahitaji utetezi.

Kwenye dau lenye tanga, mwombe nahodha alishushe tanga, wala usione haya kuomba. Tanga likiwa juu, sehemu ya henza, yaani kamba ya kulipandishia tanga, iliyokaa ndani ya kapi la kichwani pa mlingoti haionekani, nayo ndiyo inayobeba uzito wote wa foromali, ule mti ushikao tanga, tena ni sehemu ile ile kila safari. Nahodha mwenye hadhari hukata shubiri moja mwishoni mwa henza kila baada ya muda akaifunga upya, ili pahali pengine papokee zamu. Ukikuta henza yenye ncha iliyokatwa karibuni, usidhani imepungua thamani. Hiyo ni hati ya uangalifu kuliko maneno yoyote ya muuzaji. Dasi, kamba ya ukingo wa tanga, na demani, kamba ya kulivutia, hazina mengi: zipapase, mkono utakuambia.

Siku hizi mashua nyingi zina injini, na hapo mafundi wazuri wa kamba wengi hukoma kuwa wazuri, kwa sababu huudhani waya kuwa kitu kingine kabisa. Sheria ni zile zile, isipokuwa mtikiso ni wa haraka zaidi na kuna moto. Wamarekani wanaojiundia ndege majumbani mwao, walioanzisha chama chao mwaka 1953, wameiandama elimu hii kwa bidii isiyo kifani, kwani waya ukikwaruzika katika chumba cha injini angani hapana pwani ya kurejea. Mwongozo wa idara ya usafiri wa anga ya nchi yao hutaka waya ulio baina ya vishikizo viwili, ukisukumwa kwa mkono, usilegee kupita nusu ya inchi. Tena waya usifungwe pamoja na bomba la mafuta, na ikibidi vikutane, waya upite juu, lisije bomba likavujia cheche. Baadhi yao bado hufunga nyaya kwa uzi uliotiwa nta, fundo moja moja lililojitegemea, ili likikatika moja mengine yabaki yameshika. Na vile vifungio vya plastiki, ambavyo karibu na bomba la moshi hukauka na kukatika, na makali yake huila ngozi ya waya, huvitumia kwa tahadhari.

Yachukue hayo uingie nayo katika mashua. Injini hutikisika na taruma halitikisiki, kwa hiyo waya utokao kwenye injini kwenda kwenye ubao lazima uachiwe mkunjo wa kulegea kati ya vitu hivyo viwili. Uliovutwa ukanyooka utakatikia ndani ya ngozi yake, usiuone. Waya upitao katika tundu la bamba uvishwe mpira. Kabla ya kuingia kwenye betri ama kwenye swichi uteremke kwanza kisha upande, ili maji ya bahari yadondoke penye upindo wake wa chini yasifuate waya hata kwenye shaba.

Ukimaliza kutazama, usinunue bado. Mwombe mwenye chombo mtoke baharini kwa nusu siku penye upepo na mawimbi, kwa tanga na kwa injini, na mkisha kurudi urejee penye vile viungo ulivyovikagua ukiwa na kitambaa cheupe kikavu. Pangusa chini ya kila kamba na kando ya kila kishikizo cha waya. Vumbi la nyuzi likitoka katika usumba, au unga mweusi katika ngozi ya waya, mwonyeshe fundi mahali penyewe, afungue na kufunga upya mbele yako, ndipo mkae kuzungumza bei.