Kusikia Si Kuona: Juu ya Kwenda Kumwona Mwimbaji Tumpendaye

Nyimbo hazikosekani mjini Kisangani. Pita Makiso au Mangobo tangu asubuhi: redio yaimba dukani, simu yaimba mfukoni mwa kijana, na jioni baa za njia moja hushindana kwa vipaza sauti mpaka majirani walalamike. Mtu aweza kumsikia mwimbaji ampendaye mara kumi kwa siku bila kutoa franka hata moja. Lakini siku bango likibandikwa kwamba mwimbaji huyo anakuja kuimba mjini, watu wale wale hufungua akiba zao. Mama muuza mihogo hutoa, mwenye toleka hutoa, mwanafunzi humbembeleza shangazi yake. Kwa nini? Wimbo si wanao tayari?

Wazee walikwisha kujibu: kusikia si kuona. Neno hili twalitumia kwa habari za safari na za vita, lakini lafaa kwa muziki pia. Yafaa tulipime vizuri, maana watu wetu hutoa fedha walizozipata kwa jasho, na si kila mara wanapewa kile walichokilipia.

Tuanze na mfano ulio wazi. Jean Bosco Mwenda alikuwa mtu wa Katanga, mtungaji wa nyimbo zake mwenyewe, naye aliziimba kwa Kiswahili pamoja na gitaa moja tu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi za Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, ambayo leo yaitwa Likasi, akazitia sauti zake katika santuri. Wimbo wake «Masanga» ukasafiri mbali kuliko mwenyewe. Basi mtu aisikiaye santuri hiyo bila kumwona mpigaji hudhani kwamba magitaa ni mawili: moja lashika sauti nzito chini, lingine lacheza juu. Kumbe ni mtu mmoja. Kidole gumba chafanya kazi yake, vidole vingine vyafanya yao, na kinywa chaimba juu ya vyote. Sikio peke yake halikubali jambo hilo upesi; jicho ndilo lilisadikishalo. Mwaka 1969 Bosco alifika Marekani kwenye tamasha la Newport, na waliomwona pale walipata kitu ambacho santuri haikuweza kuwapa: ushuhuda wa mikono yake.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kumwona mwimbaji: twajua kwamba kazi ni yake kweli. Lakini ipo faida nyingine kubwa zaidi, na ili kuieleza nitamchukua mtoto wa mji wetu, Abeti Masikini.

Mwanamke huyu alizaliwa hapa hapa tarehe 9 Novemba 1954, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elisabeth. Babaye, Jean-Pierre Finant, mwenzi wa Patrice Lumumba katika siasa, aliongoza jimbo la Orientale mwaka 1960. Mwaka 1961 aliuawa Bakwanga, ambayo sasa ni Mbuji-Mayi. Binti alikuwa bado mtoto mdogo. Alikulia Kinshasa, na kule akaanza kuimba. Mwaka 1973 alikwisha kusimama katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, na mwaka 1974 katika Carnegie Hall ya New York. Masikini kwa sikio la Mswahili ni mtu asiye na kitu. Lakini huyu alikuwa na sauti ya kutosha kujaza nyumba kubwa za ulimwengu. Wala hakuisahau lugha ya utoto wake: kati ya nyimbo zake za kwanza umo «Mutoto Wangu», na hilo neno «mutoto» ni Kiswahili cha kwetu Kongo, kama mama zetu wanavyolitamka.

Abeti hakufuata rumba peke yake kama wengi wa siku zile. Alichanganya midundo ya kwetu na nyimbo za Weusi wa Marekani, akaimba kwa sauti ya kifua, nzito na yenye nguvu. Uimbaji wa namna hii una hatari yake. Mwimbaji wa rumba akichoka, magitaa humbeba na miguu ya watu huendelea kucheza. Lakini yeye auwekaye wimbo wote juu ya sauti yake hana pa kujificha. Sauti ikishindwa, wimbo umeanguka. Kwa hiyo mahali pa kumpima mtu kama huyu ni jukwaani.

Naye alipimwa. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 lilifanyika Kinshasa tamasha kubwa la muziki, lililoandaliwa na Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Stewart Levine wa Marekani. Lilikusudiwa kwenda pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka karibu na jicho katika mazoezi, pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini waimbaji waliimba. Mahali palikuwa uwanja wa 20 Mei, ambao leo waitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, aliyewafundisha vijana wa Kinshasa michezo. Walikuwako James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba. Wa kwetu walikuwako Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na Abeti, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20.

Fikirini, wasomaji: binti wa miaka 19 katika tamasha moja na James Brown, mbele ya uwanja mzima! Kwa miaka mingi ulimwengu uliwakumbuka hasa wageni wa siku zile; na filamu ya mwaka 2008 juu ya tamasha hilo iliwapa Wamarekani nafasi kubwa. Sauti za Waafrika walioimba pale zilikaa zimefungwa hata mwaka 2017, zilipotolewa katika sahani, miaka 43 baadaye. Abeti mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994, kabla ya kutimiza miaka 40.

Mtu aweza kuniuliza: kama sahani ya uwanjani ipo, basi imekwisha kutupa onyesho lenyewe? La, imetupa nusu. Katika studio mafundi huweka kila chombo mahali pake, na kosa lirudiwe mpaka lifutike. Uwanjani hakuna kurudia. Mwimbaji huvuta pumzi nasi twasikia. Watu hupiga kelele naye huwajibu. Wimbo hurefushwa kwa sababu watu hawataki uishe. Hapo ndipo ilipo ile faida kubwa niliyoitaja. Wimbo wa kwetu tangu zamani ni wa watu wawili: mwimbishaji na mwitikiaji. Wapiga kasia mtoni huimba hivyo, wanawake msibani huimba hivyo, kwaya parokiani huimba hivyo. Santuri hunipa mwimbishaji peke yake, nami nikiitikia nyumbani yeye hasikii. Katika onyesho ananisikia, na akiwa mwimbaji wa kweli, ataimba namna nyingine kwa sababu yangu. Wimbo ule wa jioni ile haukuwako jana wala hautakuwako kesho.

Jukwaa ni shule pia. Mbilia Bel alianzia katika kundi la Abeti kabla ya kujulikana pamoja na Tabu Ley. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, alipiga gitaa kwake, kisha akawa mtungaji wa nyimbo za upole ambazo hazina haja ya kelele. Wanafunzi hao wawili hawafanani, wala hawakuwa nakala ya mwalimu wao. Kwa santuri mtu hujifunza kuiga. Aliyesimama hatua mbili nyuma ya mwimbaji, usiku kwa usiku, huona jinsi anavyowasoma watu, jinsi anavyolinda sauti yake, na jinsi anavyoinuka tena baada ya kukosea.

Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe. Nimepata kusimama katika ukumbi mmoja wa mji huu, baada ya kungoja saa nyingi, nikimtazama mwimbaji ambaye nyimbo zake nazijua kwa moyo. Katikati ya wimbo alishusha kipaza sauti anywe maji, na sauti yake ikaendelea kuimba. Watu wengine walicheka, wengine walitazamana. Mama aliyekuwa karibu nami alisema polepole, «Kumbe ni ile ile ya simu.» Watu huita jambo hili plebeki. Sahani hupigwa nyuma, na mtu huchezesha midomo mbele. Mama yule alikuwa na haki kabisa. Ile ya simu alikuwa nayo nyumbani.

Nataka kuwa mwadilifu. Wenye kuandaa maonyesho wana shida zao. Toka Kinshasa hata Kisangani kwa njia ya mto ni kilometa zaidi ya 1700. Kuleta orkestra nzima kwa ndege ni gharama kubwa. Umeme wakatika, jenereta yachoka, vyombo vya sauti ni vya kukodi. Ni kweli. Lakini umaskini haukumzuia Bosco, naye alikuwa na gitaa moja. Mwimbaji akija na wapigaji wawili tu akaimba kwa koo lake, twamshukuru. Hatumdai ukubwa wa orkestra, twamdai aimbe yeye. Kuuza tikiti ya sauti na kutoa sahani ni sawa na kuuza samaki na kumpa mtu picha ya samaki.

Kuna desturi nyingine inayokula maonyesho yetu: mabanga, yaani yale majina ya matajiri yanayotupwa katikati ya wimbo kwa malipo. Sikatai kumsifu mtu. Hata washairi wa zamani waliwasifu wafadhili wao. Lakini majina 20 yakifuatana, wimbo wageuka orodha. Mtungaji aliyeandika habari za mapendo, au za mama aliyefiwa, aukata moyo wa maneno yake mwenyewe ili atangaze mwenye gari jipya. Na yule aliyelipa tikiti ya chini kabisa, aliyekuja kwa ajili ya maneno yale, anabaki kungoja.

Sisi wa parokia tumepewa kipimo kizuri katika jambo hili. Tarehe 3 Septemba 1958 Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, ikakataza gramafoni, redio na mashine nyingine za kujiendesha zisiimbe mahali pa watu katika ibada. Lakini maagizo yale yale yaliruhusu vipaza sauti, pale panapohitajika kuikuza sauti hai ya mtu. Tazameni jinsi walivyopambanua: mashine imsaidiayo mtu asikike, ndiyo, mashine ikaayo mahali pa mtu, sivyo. Mwaka huo huo wavulana wa Kamina, chini ya Padri Guido Haazen, waliimba Misa Luba hata Ulaya, na sehemu kubwa ya Misa hiyo haikuandikwa kwanza. Ilizaliwa vinywani mwao. Sisemi kwamba baa ni kanisa au kwamba ukumbi wa dansi una sheria za altare. Nasema kwamba sababu ni ile ile: anayeimba mbele ya watu anajitoa mwenyewe, naye asipojitoa, hakuna alichokitoa.

Tena tusimlaumu mwimbaji peke yake. Mwitikiaji naye ana wajibu. Twaenda kwenye onyesho tukiinua simu juu, mikono 100 hewani, kila mtu akikamata picha ya kuonyesha kesho, wala hakuna anayeitikia leo. Twatoka na sahani nyingine ndogo, mbaya kuliko ile ya kwanza. Mwimbaji atazamaye simu 100 badala ya nyuso 100, ataimba kwa ajili ya nani? Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu wote, nasi tulifurahi. Lakini urithi walioutaja si sanduku la santuri. Ni desturi inayoishi, na desturi huishi watu wanapokutana.

Kwa hiyo, bango jipya likibandikwa, ndugu zangu, ulizeni kabla ya kutoa fedha: huyu ataimba mwenyewe, au atachezesha midomo? Wanaopiga vyombo ni nani? Mkiambiwa kwamba ataimba mwenyewe, hata akiwa na gitaa moja, nendeni. Wapelekeni vijana wa kwaya wakaone mikono na pumzi zake. Na ninyi mnaotunga nyimbo hapa Kisangani, msingoje Olympia ndipo mwimbe kwa koo zenu. Mtoto wa mji huu alisimama Kinshasa kabla ya kutimiza miaka 20, akaimba. Wanaoitikia wapo, wanangoja tu sauti iwaite.