Nusu ya Jane Jacobs

Mwaka 1961 Jane Jacobs wa Marekani, ambaye hakuwa na shahada ya mipango miji, alichapisha kitabu The Death and Life of Great American Cities. Wataalamu wa wakati ule walitaka nyumba zikae peke yake na maduka peke yake. Jacobs alikataa. Akiishi Hudson Street, New York, alieleza kuwa macho ya wenye maduka na wapita njia huulinda mtaa kabla polisi hajafika.

Mtaani kwetu Dar es Salaam kitabu hicho kimegeuzwa ushahidi. Mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi, kutoka makazi kuwa biashara, ajenge ghorofa la maduka. Majirani wanapinga. Kijana mmoja aliyesomea fani hiyo alisimama kikaoni akasema Jacobs yuko upande wa maduka. Amesema kweli, lakini nusu tu.

Nusu hiyo sisi hatuna haja ya kufundishwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza, na mara nyingi chumba cha mbele kilikuwa duka. Waliotenganisha ni wakoloni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja katikati. Jirani anayepinga kila genge la nyanya ajiulize ameurithi wapi ustaarabu huo.

Nusu ya pili kijana aliiruka. Jacobs ana sura nzima kuhusu mchanganyiko unavyojiua wenyewe. Mtaa wenye mambo mengi hupendwa. Ukipendwa, bei hupanda. Biashara yenye faida kubwa kuliko zote huzisukuma nyingine, hata kikabaki kitu kimoja. Mfano wake ni Eighth Street, jirani na kwake, ambako migahawa ilizidi kuteka nafasi. Mfano wetu ni hiyo hiyo Kariakoo, ambako nyumba za chini zimebomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya biashara. Tena anaonya kwamba shughuli iliyozidi kimo cha mtaa, kama kituo cha malori, huuharibu mtaa mdogo hata kama ingefaa kwenye barabara pana.

Kasoro yake naiona kwenye tiba. Anapendekeza sheria za kuzuia aina moja ya biashara isijazane mahali pamoja, lakini mpangaji wa chumba hamwekei kinga ya kutosha. Greenwich Village aliyoisifu leo ni miongoni mwa sehemu ghali za New York. Maduka bado yapo, lakini mtu wa kipato kidogo hawezi kupanga huko.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, kikao chetu kiulize mambo matatu: jengo lina ukubwa gani, malori yatashushia mzigo wapi, na wapangaji waliomo sasa watakwenda wapi. Muombaji akikosa jibu la swali la tatu, asitutajie Jacobs.