Rehani ya Mwandishi

Bila shaka, msomaji, umekwisha kusikia ikinenwa kwamba mtunzi wa hadithi akiingia gazetini kalamu yake hufa. Tuyapime maneno hayo kwa maisha ya Gabriel García Márquez, kabla ulimwengu haujamjua.

Mwaka 1950 alikuwa Barranquilla, mji wa bandari kaskazini mwa Kolombia, naye amekwisha kuyaacha masomo ya sheria, jambo lililomchukiza baba yake. Gazeti la El Heraldo lilimlipa peso tatu kwa kila makala. Makala hizo aliziita La Jirafa, yaani Twiga, akazitilia sahihi ya jina la kubuni, Septimus. Alilala katika nyumba ya kupanga isiyokuwa na sifa njema, kwa peso moja na nusu usiku mmoja. Akikosa fedha, alimwachia bawabu rehani: mswada wa riwaya yake, La hojarasca. Kitanda kilidhaminiwa na kitabu ambacho hakijapata mnunuzi! Mchapaji mmoja wa Buenos Aires alikikataa, nacho hakikutoka hata mwaka 1955.

Ukizisoma zile Twiga, usitazamie kuwa zote ni lulu. Nyingine ni porojo za mtu aliyehitaji peso tatu kabla ya usiku kuingia, wala simlaumu. Nayo La hojarasca ina dosari kubwa. Babu, binti yake na mjukuu wamekaa mbele ya maiti, kila mmoja akiwaza kwa zamu; lakini mtoto huwaza kwa maneno ya mtu mzima, na mara nyingi hapana budi urudi nyuma kutafuta ni nani anayesema.

Sasa linganisha na El coronel no tiene quien le escriba, kilichotoka kitabu mwaka 1961. Mwanzoni tu mzee anakwangua kopo la kahawa iliyokwisha, na kutu inachanganyika na unga. Hapana hotuba juu ya umaskini, kopo latosha. Jicho hilo alilipata wapi? Mwaka 1955, akiandikia El Espectador la Bogotá, alimhoji baharia aliyeelea siku 10 baharini peke yake. Vikao vilikuwa 20, kila kimoja cha saa sita, na ndani yake alimtegea maswali ya kumnasa kama akisema uongo. Habari ile ikatolewa kwa sehemu 14. Mtu aliyepitia kazi ya namna hiyo hawezi tena kuandika "alikuwa maskini" akaridhika.

Walakini gazeti lililompa jicho lilimnyima wakati. Ili aandike Cien años de soledad, kilichotoka mwaka 1967, ilimpasa aache kila kibarua kwa zaidi ya mwaka mzima, huku madeni yakipanda. Siku ya kuupeleka mswada posta, akiwa Meksiko, fedha zilitosha kutuma nusu tu. Mkewe Mercedes akarudi nyumbani, akachukua vyombo vilivyosalia, akaenda kuviweka rehani.